Kijana wa Ng'ambo

Saa saba unusu mchana, bosi alipokwenda nyumbani kwake Ganjoni kula na kujinyoosha kidogo, Chirau alitandaza gazeti juu ya meza, akapanga viazi karai na kibakuli cha ukwaju, akawasha modemu. Modemu ililia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha ikanyamaza. Mwaka ule wa 1998 ofisi za kutoa mizigo bandarini pale Mbaraki zilikuwa na kompyuta moja moja, na kila kompyuta ilikuwa na kazi moja, kuulizia meli. Ya Chirau ilikuwa na kazi mbili.

Kazi ya pili ilikuwa ukocha. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni, unaochezwa na watu waliotawanyika duniani wasiojuana kwa sura. Kila mmoja alipewa chuo kikuu cha Marekani, cha kubuni, pamoja na timu yake ya mpira wa kikapu. Hapakuwa na picha wala mpira unaodunda. Palikuwa na majina na tarakimu. Kompyuta ndiyo iliyotunga wachezaji, ikawachezesha, ikaleta matokeo asubuhi. Kocha aliachiwa shughuli iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kusajili. Vijana wapya wanaomaliza shule waliorodheshwa, kocha akapewa pointi za kutumia kwa simu na ziara, na kando ya jina la kila kijana ikaandikwa asilimia, yaani nafasi ya kijana huyo kukukubali.

Chuo cha Chirau kiliitwa Harlan Creek. Kilikuwa na nyota moja ya hadhi kati ya tano, na hiyo moja nayo ilionekana kuwekwa kwa huruma. Hata hivyo, Chirau aliwataka vijana bora wa Marekani nzima. Aliwapigia simu wote, na wote wakamwekea asilimia mbili, wengine moja.

"Unatawanya pointi kama mtu anayelisha kuku," alisema Griffins, aliyekaa meza ya pili, mtu wa Kisumu aliyemfundisha mchezo huo na ambaye chuo chake kilikuwa na nyota tatu. "Tafuta kijana mmoja ambaye wakubwa hawamwoni, mmwagie yeye zote."

"Na nikimkosa?"

"Kwani sasa unawapata?"

Chirau akatia kiazi kwenye ukwaju.

Alikuwa amepanga chumba cha juu Kibokoni, katika nyumba ya Bi Mwanakombo. Bi Mwanakombo alikuwa mshenga. Nusu ya ndoa za Mji wa Kale zilianzia kwenye kinywa chake, na ile nusu nyingine, kwa maelezo yake mwenyewe, ndizo zinazovunjika. Alasiri moja alikuwa akichambua mchele barazani, Chirau akamsimulia habari za vijana wanaomkataa, kwa kuwa mtu aliyekataliwa na watu wengi hivyo lazima amwambie mtu.

Bi Mwanakombo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mama zao ushawaamkua?"

"Mchezo wenyewe hauna mama, Bi. Kuna kijana na asilimia."

"Basi ndipo unapokosea. Nani aposaye bila ya kumuamkua mama? Nisomea hayo majina."

Chirau aliyakumbuka majina kwa moyo, akamsomea. Alipofika chini kabisa, kwa kijana aitwaye Curtis, futi sita na inchi tisa, wa kijiji ambacho hakuna aliyekijua, Bi Mwanakombo aliinua mkono. "Huyo. Ana jina la mtoto aliyelelewa."

Curtis alikuwa amempa Harlan Creek asilimia tatu.

Jumamosi baada ya adhuhuri Bi Mwanakombo alivaa buibui lake la kutokea, akachukua kikapu cha halwa na kipande cha udi, maana mkono mtupu haulambwi, akatoka. Nyuma ya duka la halwa pana kichochoro kinachopinda kushoto na kuishia kwenye ukuta. Siku hiyo Bi Mwanakombo alipinda kushoto asirudi, na baridi kali ikavuma kutoka kichochoroni. Muuza kahawa akalisogeza jiko lake karibu. Mwenye duka la halwa alitoka kutazama, akalalamika kwamba baridi ile itamgandishia sinia, akafunga dirisha la upande huo.

Alirudi kabla ya magharibi. Pindo la buibui lilikuwa limelowa, na mabegani alikuwa na theluji kidogo, ambayo paka wa nyumba aliilamba mara moja akaiacha. Bi Mwanakombo alikaa, akavua viatu, akatoa habari kwa utaratibu, kama mshenga anavyopaswa.

"Mamake yuwaitwa Loretta. Mjane. Yuwafua mashuka ya hospitali, na goti lamuuma. Makocha wameshakwenda kwake, wana suti nzuri. Wote wasema na mtoto tu. Mmoya alimkanyagia maua, wa pili alimwita kwa jina la mtu mwingine. Hakuna aliyemaliza kahawa yake."

"Na wewe ulimaliza?"

"Vikombe viwili. Ni mbaya sana, hiyo kahawa. Nikamwambia goti alipake mafuta ya nazi na karafuu."

"Mlisema lugha gani, Bi?"

Bi Mwanakombo alifikiri. "Ya magoti," akasema, akaenda kutawadha.

Jumatatu mchana asilimia tatu ya Curtis ilikuwa imegeuka hamsini na nane. Griffins alisimama nyuma ya kiti, akasoma tarakimu ile, akaelezwa yote.

"Lakini huyu kijana hayupo," alisema. "Ametungwa na mashine."

"Mamake yupo. Bi Mwanakombo amekunywa kahawa yake."

Griffins, ambaye alikuwa mtu wa hesabu, aliipima hoja hiyo pande zote, hakuona tundu. Akauliza kama bibi angeweza kumpitia na yeye kijana mmoja, mrefu mrefu hivi. Jibu lilirudi siku ya pili: mshenga hashiki pande mbili.

Curtis alitia saini Harlan Creek kabla ya mwezi kuandama. Kibokoni walizipata habari kwa muuza kahawa, sokoni Marikiti wakazipata kwa wachukuzi, na kila mahali alijulikana kama kijana wa ng'ambo wa Bi Mwanakombo. Walipokutana na bibi njiani, watu walimuuliza hali ya kijana wake. Alikuwa mzima, anakula vizuri, na goti la mamake lilikuwa na nafuu. Harlan Creek ikaanza kushinda.

Lakini aliyemkosesha Chirau usingizi hakuwa Curtis. Alimpenda Shukri. Ni vema jambo hili lisemwe wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe alilizungusha miaka miwili. Shukri alikuwa binti wa Bwana Taib, muuza hiliki na viungo kwa jumla pale Marikiti, ambaye nyumba yake ilikuwa mlango wa nne kutoka kwa Bi Mwanakombo. Kila shehena ya hiliki ilipoingia, Shukri ndiye aliyeleta makaratasi ofisini, kwa sababu babake hakuwa na subira ya kupanga foleni. Chirau aliyapokea makaratasi yale kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga, na mzigo wa Bwana Taib haukupata kuchelewa hata mara moja.

Baada ya Curtis kusajiliwa, Shukri alikuja, akaitazama kompyuta, akamtazama Chirau.

"Wewe wawaposa wana wa watu mpaka Marekani," alisema. "Kibokoni hapa hujapajua bado?"

Kiazi kilimkwama Chirau kooni. Griffins akampiga mgongoni bila kuondoa macho kwenye kazi yake.

"Mtume Bi," Shukri alisema, akikusanya makaratasi. "Na mimi nikiulizwa, sitanyamaza." Kwao husemwa kimya cha mwari ni ridhaa. Alitaka ijulikane kwamba yeye ridhaa yake itakuwa na sauti.

Alasiri ile Chirau alimwamkua mwenye nyumba wake, akamweleza. Bi Mwanakombo hakuuliza habari za mama, kwa kuwa aliwajua wote. Alikung'uta ungo muda mrefu.

"Marekani ni karibu, mwanangu," akasema mwisho. Lakini alikubali kwenda.

Alitoka baada ya swala ya alasiri. Mlango wa nne aliuona palepale ulipokuwa, wa mbao, wenye misumari ya shaba, akaanza kuuendea. Alikwenda. Jua likashuka, naye bado anakwenda, na mlango bado uko palepale. Jirani wa mlango wa pili alimtolea kiti akapumzika. Wa mlango wa tatu akamletea maji, akamuuliza kama ni kwa Bwana Taib, akasema kweli, huko ni mbali. Chirau aliyaona hayo kutoka dirishani, na moyo wake ulikuwa ukidunda kuliko mpira wowote wa Harlan Creek.

Hatimaye Bi Mwanakombo alifika, na Bwana Taib akampokea kwa heshima zote, kwa kuwa alikuwa mtu muungwana, na hilo halina mzaha. Waliulizana hali za watoto, za wagonjwa na za bei ya karafuu.

"Nimekuja kwa kheri," Bi Mwanakombo alisema. "Nina kijana, yuwamtaka Shukri."

"Kheri ipokelewe. Wa wapi?"

"Wa ng'ambo."

Hapa inafaa kukumbuka kwamba Mombasa ni kisiwa. Kila kilicho baada ya maji ni ng'ambo: Bombay ni ng'ambo, Uingereza ni ng'ambo, na Likoni, ambako ukiwa feri unaona mtu anachoma mahindi, nako ni ng'ambo. Neno ni lile lile. Ni pua tu zinazoinuka au kushuka wakati wa kulitamka, na Bi Mwanakombo alikuwa na mafua kutokana na baridi ya kwa Loretta.

Uso wa Bwana Taib uling'aa. Aliagiza vikombe vya kabatini, ambavyo havikuwa vimetoka tangu Idi.

"Yule mrefu?" akauliza, akisogea.

"Urefu wake wa kiasi tu."

Bwana Taib aliuchukulia huo kuwa unyenyekevu wa mshenga, akaupenda. Mwenyewe akaanza kuondoa vikwazo kimoja kimoja. Dini haikuwa shida, kijana atasilimu, na thawabu ni za nyumba nzima. Rangi ni ya Mungu. Lugha, watafundishana. Baridi, Shukri atashonewa koti. Ukoo hakuuliza, kwa kuwa mtu hawezi kuuliza ukoo wa watu walio mbali hivyo, ni kukosa adabu.

Walipokuwa kikombe cha pili, alisema, "Na wazee wake tutawaona lini?"

"Hata kesho. Wapanda feri tu."

"Feri gani?"

"Ya Likoni. Kwao ni Waa. Ni Chirau, huyu mpangaji wangu."

Bwana Taib aliweka kikombe chini polepole, kwa kuwa kilikuwa kikombe cha bei.

"Aa," alisema. "Ng'ambo hiyo."

Kisha alimsifu Chirau, na sifa zote zilikuwa za kweli. Alisema ni mpole, anasali, haongezi neno, na mzigo wake haujapata kuchelewa tangu aanze kuushughulikia. Angekuwa na mtoto wa kiume angemtakia awe kama yeye. "Lakini kufu, Bi Mwanakombo, ukoo ulingane na ukoo. Wewe huambiwi mambo haya. Watu wa bara kule na sisi..." Hakuimalizia, akageuza mkono tu. "Tena binti mwenyewe bado mdogo."

Shukri alikuwa nyuma ya pazia na sinia ya kaimati mkononi. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alisimama pale akingoja kuulizwa, na kaimati zikapoa.

Kurudi kwa Bi Mwanakombo hakukuchukua muda wowote. Alitoka kwa Bwana Taib, akawa ameshaingia kwake.

Bwana Taib hakuwa na kinyongo. Juma lililofuata alifika Mbaraki mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake, akaketi mbele ya meza ya Griffins, akamuuliza kwa sauti ya chini yule kijana mwingine, yule mrefu, kama ameshaposa mahali.

"Mzee, yule hayupo," Griffins alisema. "Ni tarakimu tu. Kompyuta imemtunga."

Bwana Taib alilifikiria hilo kwa haki. "Kutokuwepo si aibu," akasema. "Kwatengenezeka."

Chirau aliyasikia hayo kutoka mezani pake, akipiga mihuri makaratasi ya hiliki ya mzee huyohuyo. Ilimuuma. Ilimuuma mpaka kwenye kucha, naye alipiga mihuri kila ukurasa, sawasawa, bila kupindisha hata mmoja. Usiku ule hakula.

Jumamosi Bi Mwanakombo alikwenda kwa Loretta kama alivyozoea, sasa walikuwa mashoga. Alimkuta akijipaka mafuta ya nazi, wakanywa ile kahawa, akamhadithia mambo ya mlango wa nne, yote, pamoja na feri na vikombe vya kabatini. Loretta alicheka palipostahili. Kisha akauliza, "Na msichana mwenyewe, amesemaje?"

Bi Mwanakombo akanyamaza. Baadaye alimwambia Chirau kwamba amekuwa mshenga tangu hajapata mvi, na siku ile ndiyo mara ya kwanza alijikuta kimya na akajua kwa hakika kwamba kimya hicho si ridhaa.

Hakupitia nyumbani. Alitoka kichochoroni na theluji yake mabegani, akakata moja kwa moja mpaka Marikiti. Bwana Taib alikuwa ameenda msikitini. Shukri alikuwa dukani akipima hiliki. Wachukuzi walimpisha Bi Mwanakombo, mmoja akamuuliza hali ya Curtis.

"Nimechelewa kukuuliza, mwanangu," Bi Mwanakombo alimwambia Shukri. "Chirau wamtaka?"

Shukri aliweka kijiko chini. Alijibu kwamba anamtaka, na alimtaka tangu mwaka juzi, na kama kuna mwingine yeyote Marikiti ambaye angependa kuuliza, na aulize sasa wakati sauti bado ipo. Wachukuzi walikuwa wametua magunia wasikilize. Wakamwambia hapana, wamesikia, wakayainua tena.

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya usajili mpya. Chirau aliwasha modemu, akashuka kwenye orodha ya vijana mpaka chini kabisa, kwa kuwa sasa alikuwa na desturi ya kuanzia chini. Jina la mwisho lilikuwa Shukri binti Taib. Futi tano na inchi mbili. Mombasa. Kando yake, upande wa Harlan Creek, paliandikwa asilimia mia.

Griffins alivuta kiti. "Mia sijawahi kuona," alisema. "Mimi nimefika tisini na sita, na huyo pia aliniacha." Akaitazama orodha tena. "Kwa kucheza senta ni mfupi, lakini."

Chirau alibonyeza pa kusajili. Mashine ilikaa ikifikiri, muda mrefu kuliko ilivyomfikiria Curtis. Kisha ikajibu kwa Kiswahili, lugha ambayo hata siku moja haikuwa imeonyesha kuijua: Tumesikia. Lakini binti bado mdogo.

Alijaribu tena Jumanne. Alipiga simu, akatumia ziara zote alizopewa, akammwagia pointi zake zote kama Griffins alivyomfundisha. Asilimia haikupanda, kwa kuwa haikuwa na pa kupanda, wala haikushuka. Jibu nalo halikubadilika. Lilikuja kila mchana kwa adabu ileile.

Msimu ule Harlan Creek ilitwaa ubingwa. Curtis alifunga pointi thelathini na moja katika mechi ya mwisho, ambayo haikuchezwa mahali popote. Bwana Taib alipoletewa habari alifurahi kweli, akaagiza sharbati igawiwe wapita njia pale dukani kwake, akimweleza kila aliyenyoosha mkono kwamba ni kwa ajili ya kijana wetu. Chirau alipita, akapewa glasi, akashukuru, akanywa. Ilikuwa tamu.

Shehena nyingine ya hiliki iliingia, Shukri akaja na makaratasi. Ilikuwa mchana, bosi yuko Ganjoni. Alivuta kiti akaketi karibu na Chirau, akachukua kiazi cha mwisho bila kuomba, akasoma jina lake kwenye kioo.

"Inchi tatu," alisema. "Si mbili. Hebu nirekebishie."

"Hapana pa kurekebisha."

"Ajabu. Na umri?"

Chirau alimwonyesha. Mashine ilikuwa imeandika ishirini na saba, sahihi kabisa, maana alikuwa ametimiza juma lile.

Shukri alifuta vidole kwa gazeti, akatia saini hati za mzigo wa babake, karatasi baada ya karatasi. Hiliki ilikuwa imetoka ng'ambo. Ingepokelewa Marikiti jioni ile kwa mikono miwili, bila mtu kuiuliza kwao wapi.

"Bonyeza tena," akasema.

Chirau akabonyeza. Wakakaa bega kwa bega wakingoja, wakati mashine ikifikiri.